Ulizeni Kinyama Kimekwenda Wapi

Hotuba kwa kina mama, masheha na wahudumu wa afya wa jamii, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa masheha, mama zangu, shangazi zangu na wifi zangu, na nyinyi kina baba mliokubali kukaa kusikiliza habari ambazo kwa desturi mngeambiwa mtoke nje kidogo: ahsanteni. Nimeombwa nizungumze juu ya upasuaji wa saratani ya ziwa, na juu ya maradhi ya tumboni yale yasiyoonekana mara kwa mara. Walionialika waliyaandika kama mambo mawili. Kwangu mimi niliyekaa miaka mingi katika chumba cha upasuaji, ni jambo moja, na mtaona kwa nini.

Naanza na ndoo.

Aliletwa kwangu mama mmoja wa miaka 43, mchumaji karafuu. Juu ya ziwa lake la kushoto palikuwa na kovu la urefu wa kidole, na chini ya kovu uvimbe mgumu kama kokwa la embe, umegandana na ngozi. Kwapani nilipapasa tezi 3. Nikamuuliza, mama, kovu hili la nini? Akasema mwaka jana alipasuliwa jipu, mahali ambapo sitapataja. Lilitoka usaha? Halikutoka usaha, kilitoka kijinyama. Kijinyama hicho kilipelekwa wapi? Akanitazama kama niliyemuuliza maji ya kuoshea vyombo yamekwenda wapi. "Kilitiwa ndoo, daktari."

Ndugu zangu, ndani ya ndoo ile mlikuwa na jina la maradhi yake, na mlikuwa na jawabu la dawa gani ingemfaa. Mlikuwa na miezi 9 ya maisha yake, maana ndiyo aliyoipoteza akingoja kovu lipoe. Sikuja kumshitaki aliyempasua. Huenda alikuwa peke yake kwenye zamu, huenda aliamini kwa dhati kuwa ni jipu, huenda hakuwa na hata chupa ya kutilia. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa na neno moja ninalolisema wodini, harusini, hata kwenye boti: chochote kinachokatwa mwilini mwa mtu kipimwe, na kila inapowezekana kipimwe kabla ya kukata kikubwa.

Kipande kidogo cha mwili kinachotolewa ili kipimwe maabara, hospitali tunakiita kinyama. Mtu akiwa na uvimbe kwenye ziwa, kwanza tunampapasa maziwa yote 2 na makwapa yote 2, kisha ultrasaundi, au mamogramu, yaani eksirei ya ziwa, kwa aliyevuka umri wa ujana. Halafu inakuja sindano. Tunatia ganzi, tunachoma sindano iliyo nene kidogo, mgonjwa anasikia mlio kama wa kubana stepla, na kinatoka kinyama kama kipande cha tambi, urefu wa sentimita 1 au 2. Tunachukua vipande kadhaa. Kidonda chake unakifunika kwa plasta, na siku ileile unarudi nyumbani kupika.

Najua mnachotaka kuniambia, maana nimeambiwa mara nyingi na watu ninaowapenda: saratani haitaki kuguswa na chuma, ikiguswa inatimka. Naelewa imani hii ilikotoka. Kwa miaka mingi waliofika kupasuliwa walikuwa wamechelewa sana. Maradhi yalikwisha kutembea kabla ya kisu, na kisu kikaonekana ndicho kilichoyatembeza. Mtu alimwona jirani yake amekwenda kwa miguu, akapasuliwa, baada ya miezi 6 akazikwa. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Lakini sindano ya kinyama ndiyo njia inayopendekezwa duniani kote kabla ya upasuaji wa ziwa, na sababu ni kwamba bila yake daktari anakata gizani.

Na niwape moyo hapohapo: uvimbe mwingi wa ziwa si saratani, khasa kwa wasichana. Wengi ninaowapima, kinyama kinarudi na habari njema, na hawahitaji kisu kabisa.

Kikirudi na habari nzito, bado kinasema zaidi ya "ni saratani". Zipo saratani za ziwa zinazolishwa na homoni za mwili wa mwanamke mwenyewe. Maabara hutazama kama chembe zake zina vipokezi vya homoni hizo. Vikiwepo, mama huyo anaweza kupewa tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5, wakati mwengine hadi 10, nacho hupunguza sana uwezekano wa maradhi kurudi. Kidonge kinachomezwa na maji asubuhi! Aliyekatwa ziwa likatupwa bila kupimwa amepata makovu ya tiba na amekosa nusu ya tiba yenyewe.

Wahudumu wenzangu mliopo hapa, hili ni lenu. Kinyama kitiwe kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, haraka, ndani ya saa 1. Dawa iwe nyingi, mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Maji ya chumvi hayafai, spiriti ya kusafishia vidonda haifai. Kipande kikubwa kisitumbukizwe kizima kizima kikaachwa, kwani formalini hupenya taratibu mno na katikati huoza, kipasuliwe kwanza. Juu ya chupa paandikwe jina, upande wa kulia au kushoto, na saa iliyotolewa. Kisha mtu mmoja, mwenye jina, awe na dhamana ya kuhakikisha chupa imefika maabara na majibu yamerudi. Nimeona kinyama kilichokaa dirishani wiki 3 kwa kuwa kila mtu alidhani mwenzake amekipeleka.

Sasa kisu.

Miaka 1,000 iliyopita, Abul-Qasim al-Zahrawi wa Kordoba, mpasuaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, alieleza kwamba saratani ikiwa ndogo, changa, na mahali ambapo inaweza kung'olewa yote, mfano wa ziwa, basi ikatwe. Ikiwa ya zamani na imekuwa kubwa, daktari asiikaribie. Yeye mwenyewe hakupata kumponya yeyote wa namna hiyo, wala hakumwona aliyeponya. Huwa namfikiria sana mzee yule. Alikuwa mkweli katika fani ambayo ukweli huo ungemharibia jina. Na neno lake la kwanza lingali sahihi hadi leo. La pili limebadilika kidogo: mama mwenye uvimbe mkubwa uliogandana na ngozi leo huanzishiwa dawa za kemo kwanza, dawa kali za kuua chembe za saratani, miezi kadhaa, uvimbe ukanywea, ndipo akapasuliwa. Kwa hivyo daktari akikwambia "si leo, tuanze na dawa," usiende nyumbani ukasema nimekataliwa.

Mwishoni mwa karne ya 19, huko Baltimore, Marekani, William Halsted alianza kukata ziwa zima, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi zote za kwapa, kwa pamoja. Aliamini kwamba ukikata pana zaidi ndivyo utakavyoifikia mizizi. Wapasuaji wa dunia wakamfuata kwa zaidi ya nusu karne. Wanawake walibaki na kifua cha mbavu tupu na mikono iliyovimba. Aliyekuja kuuliza swali ni Bernard Fisher wa Pittsburgh: je, kukata pana kunaongeza umri? Mwaka 1976 yeye na wenzake walianza kuwafuatilia wanawake 1,851 wenye uvimbe usiozidi sentimita 4. Wengine waliondolewa ziwa lote, wengine uvimbe peke yake, wengine uvimbe kisha mionzi. Baada ya miaka 20, umri wa kuishi haukutofautiana. Kina mama, nataka mlisikie vizuri: haukutofautiana. Mwaka uleule majibu hayo yalipotangazwa, 2002, Umberto Veronesi wa Milan naye alitangaza yake kwa wanawake 701, yakasema vivyo hivyo.

Ila kulikuwa na sharti. Katika wanawake wa Fisher walioondolewa uvimbe bila mionzi, 39 katika kila 100 maradhi yaliwarudia kwenye ziwa lilelile. Waliopigwa mionzi, 14. Hapo ndipo habari inapofika Pemba, kwa sababu mionzi ina safari. Kwa miaka mingi mgonjwa wa visiwa hivi anayehitaji mionzi amekuwa akivuka kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam: boti ya Mkoani, Unguja, boti nyengine, halafu wiki 3 hadi 5 au zaidi nyumbani kwa jamaa, ukiamka alfajiri kuwahi foleni. Mwenye mtoto anayenyonya, mwenye mume mgonjwa, asiye na jamaa Dar, huyu akiniambia "daktari, toa lote nirudi kwangu," simwoni mjinga. Amepiga hesabu yake. Kinachoniuma ni yule ambaye hakuambiwa kama palikuwa na njia 2. Na kinachonitisha ni yule anayechagua kuondolewa sehemu, halafu safari ya mionzi ikaahirishwa mpaka baada ya Idi, mpaka baada ya msimu, mpaka imesahauliwa. Ukichagua sehemu, umechagua na boti.

Upasuaji wenyewe niuseme waziwazi, kwani kisichosemwa ndicho kinachotisha. Unalazwa, unapewa dawa ya usingizi, na kazi huchukua saa 2 hivi. Tunaondoa ziwa, au sehemu yake pamoja na ukingo wa nyama salama kuzunguka uvimbe. Misuli ya kifua tunaiacha. Kisha kwapa. Ndani ya mafuta ya kwapa umo mshipa mmoja wa fahamu, mwembamba kama uzi wa kushonea, unaoshikilia bega lisichomoze nyuma kama bawa. Nusu ya ufundi wangu ni kuutafuta uzi ule na kuuacha ulivyo. Tezi tunazozitoa zinakwenda maabara zihesabiwe. Tunaacha mrija mwembamba wa kutolea maji, nao unatolewa maji yakipungua, kwa kawaida yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku. Sehemu ya ndani ya mkono hubaki na ganzi. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache.

Mkono lazima ufanye kazi mapema: simama mbele ya ukuta, vidole vikwee ukuta kidogo kidogo kama mjusi, kila siku juu zaidi ya jana. Anayeufunga mkono kwa kanga miezi 2 akidhani anaulinda, bega hukakamaa. Na mkono wa upande ule uutunze maisha: michubuko, kuungua jikoni, miba ya ndimu, vyote visipuuzwe, maana tezi zilizokuwa zikisafisha njia zimepungua na mkono unaweza kuvimba.

Kuna swali ambalo kina mama huniuliza kwa sauti ndogo usiku, wodini: na mrija huu na damu hii, swala yangu? Si langu kulijibu. Nilimwomba sheikh mmoja, akaja akakaa na wagonjwa mchana mzima akawaeleza ruhusa alizonazo mgonjwa, tayamamu na mengineyo. Nilimwona mama aliyekuwa amekataa upasuaji akilia kwa faraja, akatia saini siku ya pili. Miaka yote ile tulidhani anaogopa kisu.

Lipo na swali la nguo. Mafundi cherehani wetu wanaweza kushona kiziwa cha kitambaa, kikajazwa sufi safi, kikatiwa uzito kidogo, kikakaa ndani ya sidiria vizuri hata chini ya gauni la harusi. Hakihitaji kuagizwa Ulaya.

Kina baba, saratani ya ziwa inawapata na nyinyi, chini ya mtu 1 katika kila 100 ya wagonjwa wote. Uvimbe mgumu nyuma ya chuchu ya mwanamme usichuliwe mafuta.

Nije tumboni.

Tumbo linatudanganya kuliko ziwa kwa sababu halionekani. Aliletwa msichana wa miaka 22, tumbo limejaa maji, amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. Ultrasaundi ilionesha kitu karibu na ovari. Kipimo cha damu kinachopanda katika saratani ya ovari kilikuwa juu sana. Familia walikwisha kuambiwa mahali pengine kwamba ni saratani iliyoenea, atolewe kizazi chote. Karatasi zote zilisema hivyo. Mama yake aliniomba jambo moja tu, nisimwambie mtoto.

Tukakubaliana tusikate kikubwa kabla ya kinyama. Tukafungua tundu dogo chini ya kitovu. Utando wa tumbo wote ulikuwa umetapakaa vipele vyeupe kama chenga za mchele. Macho yangu yalisema saratani, nakiri mbele yenu. Tukachukua vipele vichache, tukafunga, tukangoja. Majibu yakaja: kifua kikuu. Jina lake la Kiswahili linatupoteza, kwani maradhi haya hayaishi kifuani tu; hukaa hata tumboni, hukaa kwenye uti wa mgongo, na kile kipimo cha damu hukipandisha vilevile. Tiba yake ni vidonge miezi 6, bila malipo. Msichana yule alivimeza vyote. Ameolewa, na ana mtoto wa kiume. Kizazi alichozalia ndicho kile kilichokuwa kikatwe.

Mwengine alikuwa mvuvi. Tumbo lake lilikua kwa miaka 2 bila maumivu, mpaka kikoi hakimfungi. Walisema ini, wakasema bandama, wakasema kasomewa. Tulipomfungua hakukuwa na maji, palikuwa na ute mzito unaotetemeka kama uji wa wanga uliopoa, lita kwa lita. Maradhi haya ni nadra sana, na mara nyingi chanzo chake ni uvimbe mdogo wa kidole tumbo unaotoa ute, ukapasuka na kumwaga mbegu zake tumboni. Hukisiwa kumpata mtu 1 hadi 3 hivi katika kila watu milioni kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari karibu milioni 1.9. Pigeni hesabu wenyewe: kwa kiwango hicho wawili watatu, huenda zaidi, wako katika visiwa hivi kila mwaka, wakinywa dawa za mchango. Tiba iliyoenezwa na Paul Sugarbaker wa Washington ni kuondoa kila chembe ya ute na utando uliougua, kazi ya saa nyingi, kisha kuosha tumbo kwa dawa ya kemo iliyopashwa moto hadi nyuzi 42 hivi. Hatuifanyi Pemba. Lakini mvuvi wangu alikuwa na kovu la zamani upande wa kulia. Miaka 6 nyuma alitolewa kidole tumbo. Aliambiwa kilikuwa kinene isivyo kawaida. Hakikupimwa.

Ndoo tena.

Kwa hivyo nawaambia wazazi wa kila kijana anayetolewa kidole tumbo: ulizeni. Kwa adabu, bila ugomvi. "Daktari, kinyama kimekwenda wapi, na majibu tuyafuate lini?" Na kipimwe hata mkiambiwa ni kidole tumbo cha kawaida.

Ipo hali moja ambapo kinyama hakingojwi. Mtu mzima, mara nyingi mzee wa kiume, tumbo limevimba ghafla kama ngoma, anatapika, choo hakitoki wala upepo. Utumbo mpana umejisokota kama kamba ya ndoo kisimani, damu haipiti, na baada ya saa kadhaa utaoza. Huyo asipewe dawa ya kuharisha, asichuliwe, atafutiwe gari usiku huohuo. Mtoto mwenye minyoo anayetapika na tumbo limekaza ni vivyo hivyo. Na wapo watu wachache ambao Mungu amewaumba viungo vyao vimegeuzwa, moyo kulia, ini kushoto. Kidole tumbo chao huuma kushoto. Ukiwa na ndugu wa namna hiyo, aiandike habari hiyo kwenye kadi yake ya hospitali.

Sitamaliza bila kusema juu ya saini ya kukubali upasuaji. Tunaheshimu mashauriano ya ukoo, mimi ni mtoto wa hapahapa. Lakini nimewangoja kina ami kutoka Muscat, nimewangoja kina kaka kutoka Mombasa, na uvimbe haukungoja. Mwanamke mtu mzima mwenye akili zake anatia saini mwenyewe. Mashauriano yaanze siku ya kinyama, ili majibu yakija familia iwe tayari imekaa.

Yule mama wa karafuu ameniruhusu niseme yaliyofuata. Tulichukua kinyama kipya. Kilikuwa na vipokezi vya homoni. Alipata kemo Unguja, nikampasua, akavuka kwa mionzi, akaishi wiki 5 kwa binamu yake Temeke. Sasa ni mwaka wa 4 anameza kidonge chake. Msimu uliopita hakupanda mtini, mkono wake wa kushoto hauruhusu. Alikaa mkekani na wenzake akichambua makonyo. Leo yupo hapa, na kama atapenda kusimama ni hiari yake.

Baada ya swala ya alasiri nitakuwa chumba cha nyuma pamoja na muuguzi wa kike, na pazia limeshatundikwa. Mwenye uvimbe aje. Aliyewahi kupasuliwa popote na hajui majibu yake aje na karatasi alizonazo, hata kama zimelowa au zimechanika, tutazisoma pamoja. Kina baba watangulie, wao ni wachache, ili kina mama wapate nafasi ya kukaa.